Ndugu yako amekamatwa na hujui aliko: la kufanya, hatua kwa hatua (Kenya)

Tangu vijana walipoingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, maswali yanayonifikia ni yale yale, na mengi huingia usiku. "Wamemchukua, tuanzie wapi?" "Kituoni wanasema hayupo, turudi nyumbani?" "Lazima tupate wakili kwanza?" "Wanataka pesa ya dhamana, ni halali?" Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata akiwa amesimama nje ya lango la kituo cha polisi na simu mkononi.

Mwongozo huu ni wa Kenya. Sheria za majirani ni tofauti: Uganda, kwa mfano, Katiba yao inawapa polisi saa 48 kumfikisha mtu mahakamani, kwetu ni 24.

Na usipoteze muda kubishana na jamaa kama huku ni kukamatwa au kutekwa nyara. Kisheria tofauti ni kubwa, lakini kwa familia hatua za mwanzo ni zile zile. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipotoa taarifa Desemba 26, 2024, ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa tangu Juni mwaka huo, na 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani waliko. Nyuma ya kila hesabu ya namna hiyo kuna mama au kaka aliyezunguka vituo akijibiwa "hatuna mtu kama huyo". Mwongozo huu ni wa huyo.

Sheria unayohitaji kuikumbuka

Vifungu vinne vya Katiba ya 2010 vinatosha.

Kifungu cha 49: anayekamatwa aambiwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuzungumza na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24.

Kifungu cha 51: aliyezuiliwa anaweza kuomba mahakama iamuru aletwe mbele yake. Hili ndilo ombi la habeas corpus.

Kifungu cha 25: haki hiyo, pamoja na haki ya kutoteswa na ya kesi ya haki, haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Hata mtu akishukiwa kwa ugaidi.

Kifungu cha 22: mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe, na hatozwi ada ya kufungua shauri la namna hii.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Daftari na kalamu. Usitegemee simu peke yake, kwa maana simu inaweza kuzima au kuchukuliwa.
- Kitambulisho chako, na picha au nakala ya kitambulisho cha aliyechukuliwa. Jina liwe kamili, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kituoni hawatamjua kwa jina la mtaani.
- Picha yake ya karibuni.
- Dawa zake kama ana kisukari, pumu, kifafa au ugonjwa mwingine, pamoja na karatasi ya daktari.
- Mtu wa pili. Usiende peke yako hata kama kituo kiko mtaani kwenu. Mmoja aongee, mwingine aandike.
- Mtu wa tatu wa kubaki nje na simu yenye chaji, anayejua mmeingia kituo gani na saa ngapi.

Hatua ya 1: Andika saa

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, andika: amechukuliwa saa ngapi, wapi, na nani aliona. Saa 24 za Katiba zinaanza pale alipokamatwa. Hazianzi pale askari alipoamua kumwandika kitabuni, na tofauti ya hizo mbili inaweza kuwa usiku mzima. Andika saa kwa mtindo wa 22:00, kwa sababu "saa nne" ikifika kwenye hati ya kiapo ya Kiingereza huweza kugeuka kuwa saa nyingine kabisa, na wakili wa upande wa pili ataishikilia.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi ungali mbichi

Rudi mahali alipochukuliwa, au mtume mtu. Tafuta majibu ya haya: walikuwa wangapi? Walivaa sare au walikuwa askari kanzu? Walijitambulisha? Gari la aina gani, rangi gani, lina namba au zimefunikwa? Lilielekea upande gani?

Kisha angalia juu. Duka la dawa, wakala wa M-Pesa, kituo cha mafuta, lango la ploti: kamera ziko kila mahali siku hizi, na nyingi hufuta picha zenyewe baada ya siku chache. Mwombe mwenye duka kwa upole akuruhusu urekodi kioo cha kamera kwa simu yako, na saa iliyo pembeni ya picha ionekane.

Kosa la kawaida hapa ni kurusha kila kitu mtandaoni papo hapo. Kutangaza kwamba mtu ametoweka kunasaidia sana, na mimi nakuhimiza ufanye hivyo: jina, picha, mahali, saa. Lakini uso wa shahidi, jina la mwenye duka na namba ya gari la jirani aliyewafuata vibaki kwako na kwa wakili.

Hatua ya 3: Nenda kituoni kwa miguu yako

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo familia nyingi hukata tamaa mapema.

Anza na kituo kilicho karibu na alipochukuliwa, kisha vituo jirani, kisha ofisi za upelelezi (DCI) za eneo hilo. Ukifika mezani, salimia kwanza. Sema kitu kama hiki: "Habari ya kazi, afande. Namtafuta ndugu yangu, jina lake kamili ni hili, alichukuliwa mahali fulani saa fulani. Naomba mniangalizie kama ameingizwa hapa." Uliza mambo matatu: yupo? Anashukiwa kwa kosa gani? Namba yake ya OB ni ipi?

OB ni kitabu cha matukio kinachokaa pale mezani, na kila kinachoingia kituoni kinapaswa kuandikwa humo. Namba yake huanza na ya tukio, kisha tarehe, mfano 14/25/06/2024. Iandike yote. Namba hiyo ndiyo inayomfanya ndugu yako kuwa mtu aliye mikononi mwa kituo fulani, na mkuu wa kituo (OCS) aulizwe juu yake.

Sasa, wakisema hayupo, usiondoke. Sema: "Basi naomba niripoti kwamba ametoweka." Mtaambiwa pengine mrudi baada ya saa 24. Hakuna sheria inayokutaka usubiri saa 24 kuripoti mtu aliyetoweka. Rudia ombi lako bila kupandisha sauti, na omba namba ya OB ya ripoti hiyo. Kwa hiyo ama utatoka na namba ya kukamatwa, ama utatoka na namba ya kutoweka. Usitoke mikono mitupu.

Wakikataa kabisa, andika jina la afisa na saa. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au namba ya utumishi inayoonekana. Kisha andika barua hapo hapo, kwa mkono, nakala mbili:

"Kwa OCS, Kituo cha ____. Mimi ____, kitambulisho namba ____, nimefika hapa leo tarehe ____ saa ____ kumtafuta ____, aliyechukuliwa ____ saa ____ na watu ____. Nimeomba kujua kama anazuiliwa hapa na nimejibiwa ____. Naomba jibu la maandishi."

Moja waachie, nyingine waigonge mhuri wa kupokea. Wakikataa kugonga, mwenzako aipige picha ikiwa mezani, au itumeni kwa baruapepe siku hiyo hiyo. Fanya hivi kila kituo. Inachosha, najua. Lakini barua tatu au nne za namna hii ndizo zitakazomwonyesha jaji kwamba mlimtafuta kila mahali na polisi wakakana.

Usimwamini mtu wa simu anayesema "nimempigia OCS, amesema hayupo". Jibu la simu halina mhuri.

Hatua ya 4: Piga simu huku mwingine akizunguka vituo

Wakili kama mnaye. Kama hamna, wasilianeni na Chama cha Mawakili Kenya (LSK), ambacho kimekuwa kikiwawakilisha waliokamatwa kwenye maandamano, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo ina mamlaka ya kuuliza na kuingia mahali watu wanapozuiliwa. Shirika la IMLU husaidia hasa panapokuwa na mateso, kwa kuwa lina madaktari na mawakili. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, hupokea malalamiko bure kwa namba 1559.

Unapompigia mtu yeyote kati ya hawa, mpe sentensi tano tu: nani, lini, wapi, nani alimchukua, vituo gani mmeshafika. Hadithi nzima itafuata baadaye.

Hatua ya 5: Akipatikana, mwone kwa macho yako

Omba kumwona. Mpelekee chakula. Utaambiwa uonje kwanza, onja. Mwangalie: anatembea vizuri? Ana uvimbe, damu, nguo zilizochanika? Muulize ameshikwa saa ngapi na kama ameandika maelezo yoyote. Mwambie kwa ufupi: asitie sahihi chochote ambacho hajakisoma, asiandike maelezo wakili hayupo, na asifungue simu yake kwa sababu tu ameamrishwa. Kunyamaza ni haki yake, na kunyamaza kwa adabu ni bora kuliko kubishana ndani ya seli.

Kuhusu dhamana ya polisi: OCS anaweza kumwachilia hata kabla ya mahakama. Dhamana yenyewe haiuzwi. Kama ni ya fedha taslimu, lazima upewe risiti rasmi, na fedha hizo hurudishwa akitimiza masharti. Pesa isiyo na risiti ni hongo, hata ikiitwa ya chai, ya mafuta au ya "kuharakisha faili". Ninajua jinsi inavyovuta ukiwa unamwona mtoto wako nyuma ya vyuma. Lakini ukilipa hiyo, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba aliwahi kuwa pale.

Kisha kaeni karibu, kwa zamu. Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alikamatwa Homa Bay Juni 7, 2025, akasafirishwa hadi Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi, na siku iliyofuata alikuwa amefariki. Polisi walidai alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na dalili za kubanwa shingo, mambo yasiyolingana na madai hayo. Siandiki haya kukutisha. Mtu akihamishwa kituo, hasa akipelekwa kaunti nyingine, ulizeni anapelekwa wapi, kwa gari gani, na nani anampeleka, andikeni, kisha mmoja wenu amfuate siku hiyo hiyo na wakili apigiwe simu akutane naye kule.

Hatua ya 6: Hesabu saa 24 vizuri

Watu wengi hukosea hapa. Katiba inasema saa 24, lakini zikiisha nje ya saa za mahakama au siku isiyo ya mahakama, basi mwisho ni jioni ya siku ya mahakama inayofuata.

Amekamatwa Jumanne saa nne asubuhi: afikishwe kufikia Jumatano saa nne asubuhi. Amekamatwa Jumanne saa tatu usiku: saa zinaisha Jumatano usiku, kwa hiyo mwisho ni Alhamisi jioni. Amekamatwa Ijumaa alasiri: saa zinaisha Jumamosi, mwisho ni Jumatatu jioni. Sasa unaelewa kwa nini kamatakamata ya Ijumaa imekuwa maarufu nchini. Hata hivyo Katiba inasema pia afikishwe "haraka iwezekanavyo", na saa 24 ni ukomo tu. Wakili anaweza kuliuliza hilo.

Siku ya mahakama, fika mapema kabla ya saa mbili na nusu. Uliza orodha ya kesi kwa karani. Akiwa amehusishwa na ugaidi, kama walivyofanyiwa vijana wengi baada ya maandamano ya Juni 2025, mtafuteni Mahakama ya Kahawa kwa upande wa Nairobi, au Shanzu kwa Mombasa. Upande wa mashtaka ukiomba siku zaidi za kumzuilia, hakimu ndiye anayeamua, na familia ikiwepo na wakili akapinga, mambo huenda tofauti na kizimba chenye mtu asiye na wa kumsemea. Kosa lenye adhabu ya faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita halimruhusu mtu kuwekwa rumande.

Hatua ya 7: Saa zimepita au hajulikani aliko? Nenda Mahakama Kuu

Ombi la habeas corpus halingoji wiki. Nyaraka ni tatu: ombi lenyewe, hati ya kiapo inayoeleza yaliyotokea, na hati ya dharura inayosema kwa nini lisikizwe leo. Zinawasilishwa kwa mfumo wa mtandao wa Mahakama.

Hati ya kiapo iandikwe kwa aya fupi zenye namba: wewe ni nani na una uhusiano gani naye, mara ya mwisho alionekana wapi na saa ngapi, nani alimchukua na alionekanaje, vituo mlivyofika, saa, jina la afisa na jibu, namba za OB, afya yake, na unachoomba, yaani wamlete mahakamani akiwa hai au waeleze kwa kiapo aliko. Ambatanisha barua, picha na video. Ape mbele ya kamishna wa viapo yule aliyeona au aliyezunguka vituo mwenyewe. Mjomba aliye Doha, hata kama ndiye anayelipa nauli, hawezi kuapa juu ya jambo alilosimuliwa.

Wajibu maombi, yaani mnaowashtaki, huwa ni Inspekta Jenerali wa Polisi, Mkurugenzi wa Upelelezi wa Jinai, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Mwanasheria Mkuu. Usimshtaki OCS peke yake, kwa sababu atasema hayupo kituoni kwake na shauri litakwama.

Je, yanafaa kitu? Agosti 19, 2024, mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walichukuliwa Kitengela. LSK ikaenda Mahakama Kuu. Jaji Lawrence Mugambi akamwita kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli mara kadhaa, hakutokea. Septemba 13 akahukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akapewa siku saba kujisalimisha au kufika. Septemba 20 wale watatu walikuwa huru, na siku hiyo hiyo Masengeli akafika mahakamani, hukumu ikaondolewa. Siku 32 ni nyingi mno, na hakuna mtu anayestahili kuzikaa. Lakini mkuu wa polisi alilazimika kusimama mbele ya jaji.

Hatua ya 8: Akitoka, hospitali kabla ya nyumbani

Hata kama anasema yuko sawa. Apimwe, daktari aandike kila alama, picha zipigwe. Chukueni kituoni fomu ya P3, ile ambayo daktari huandika majeraha, haiuzwi. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Baada ya hapo ndipo malalamiko yaende IPOA.

Mkikwama

*Hatuna wakili wala pesa.* Kifungu cha 22 kinaitaka mahakama ipokee hata barua ya kawaida inapobidi. Nendeni kwa naibu msajili wa Mahakama Kuu iliyo karibu mkaeleze, na muulize ofisi ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Mfumo ukidai ada, mwonyesheni msajili Kifungu cha 22(3).

*Mtu amepiga simu anasema anaye, tutume pesa.* Usitume. Omba aongee naye, au ajibu swali ambalo yeye tu analijua. Hifadhi namba na upeleke kwa wakili. Matapeli husoma matangazo ya waliotoweka, ndiyo sababu namba inayotangazwa isiwe ya mama mzazi.

*Simu yake ilionekana mahali fulani kisha ikazima.* Piga picha ya ramani ikionyesha saa, iingie kwenye hati ya kiapo. Usiende huko mwenyewe.

*Ni mwanafunzi, hajafika miaka 18.* Kifungu cha 53: mtoto azuiliwe pale tu ambapo hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi kabisa, na asichanganywe na watu wazima. Nendeni na cheti cha kuzaliwa, na mwiteni afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

*Jaji ameamuru aletwe, polisi hawajamleta.* Wakili arudi siku hiyo hiyo kuomba hatua dhidi ya wanaoidharau mahakama. Kila tarehe iliyokiukwa iandikwe.

*Ameachiliwa ila ameonywa asiseme.* Uamuzi wa kusema ni wake, msimsukume. Ripoti ya daktari iandikwe hata hivyo na ihifadhiwe na wakili, si nyumbani.

*Tunahisi amevushwa mpaka.* Hutokea. Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alichukuliwa Nairobi Novemba 2024 na siku chache baadaye akawa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Bob Njagi huyo huyo wa Kitengela, pamoja na mwanaharakati mwenzake Nicholas Oyoo, alichukuliwa Uganda mwanzoni mwa Oktoba 2025 na hakuachiliwa hadi Novemba. Andikieni Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi, mpate mhuri wa kupokea, na tafuteni wakili wa nchi ile afungue shauri huko, kwa sababu jaji wa Nairobi hana amri juu ya polisi wa Kampala.